Wastani wa siku kwenye ripoti unakuja wa ajabu? Anzia hapa kabla hujagusa fomula

Kuna siku nilituma ripoti inayosema tunafunga tiketi (yaani shida za wateja zilizoandikishwa kwenye mfumo) kwa wastani wa siku hasi 296. Hasi kabisa, na kale kamstari kake mbele. Yaani mteja hajapata hata hiyo shida, sisi tulishaimaliza karibu miezi kumi iliyopita. Bosi hakugomba, aliniuliza tu kwa upole "kwa hiyo siku hizi mnapiga ramli?" na hapo barua pepe ilishafika kwa watu kama kumi na tano.

Nilichofanya baada ya hapo ndo kosa ambalo sitaki na wewe ulifanye. Nikakaa saa nzima nahangaika na fomula ya wastani ya Excel, nikatoa AVERAGE nikaweka SUM gawanya kwa COUNT, nikajaribu AVERAGEIF, nikazungushia ROUND, namba ikawa ile ile au mbaya zaidi. AVERAGE haina kosa jamani, kazi yake ni kujumlisha na kugawanya na hiyo kazi kompyuta inaijua kuliko sisi sote. Kosa liko chini yake, kwenye mistari iliyopewa ijumlishe. Ukishakubali hilo nusu ya kazi imeisha, maana unaacha kuikodolea macho namba moja ya juu unaanza kuangalia mistari.

Na kiukweli hasi 296 ilikuwa bahati, kila mtu aliona kuna kitu. Ya kuogopa ni ile ripoti inayosema siku 4.2 wakati ukweli ni 6.8. Inafanana na kweli, inapita mkutano wa kwanza, wa pili, watu wanapanga kazi kwa kuitegemea, na siku ukigundua hujui uanze kumwambia nani.

Toa namba tano kwanza

Tengeneza kolamu ya tofauti yenyewe, mstari kwa mstari, usiifiche ndani ya fomula moja ndefu. Alafu toa vitu vitano: idadi ya mistari yote, idadi ya mistari yenye tarehe ya mwisho, tofauti ndogo kuliko zote, kubwa kuliko zote, na ngapi ni sifuri. Kwenye SQL (lugha ya kuuliza data kwenye hifadhidata) ni hivi tu:

```
SELECT COUNT(*)        AS mistari_yote,
       COUNT(kufungwa) AS yenye_mwisho,
       MIN(siku)       AS ndogo,
       MAX(siku)       AS kubwa,
       SUM(CASE WHEN siku = 0 THEN 1 ELSE 0 END) AS sifuri
FROM tofauti;
```

Kwenye Excel utatumia COUNTA, COUNT, MIN, MAX na COUNTIF, dakika mbili umemaliza.

Hizi namba ukizizoea zinakwambia mgonjwa anaumwa nini kabla hujamfungua. Ukiona ndogo kuliko zote iko kwenye hasi elfu arobaini na tano au sita na kitu, hiyo ni seli tupu ya Excel imehesabiwa kama sifuri. Ukiona kubwa kuliko zote ni kama 2,913,173, kuna mtu au mfumo umeweka 9999-12-31 kumaanisha "bado haijafungwa" (hiyo namba ndo siku zilizopo kutoka 1 Januari 2024 mpaka huko). Hasi elfu kumi na tisa na kitu mpaka elfu ishirini na kidogo ni 1970-01-01, ile tarehe ambayo mifumo mingi inaangukia ikipewa sifuri. Na ukiona tofauti zako zote zimezidi au zimepungua kwa siku 1,462 hivi, una mafaili mawili ya Excel, moja linahesabu tarehe kuanzia 1900 na lingine kuanzia 1904, mtu amenakili kolamu kutoka huku akabandika kule.

Sifuri nyingi ni habari nyingine, nitazifikia.

Seli tupu, mama wa hasi zote

Excel haijui tarehe, inajua namba. 1 Januari 1900 kwake ni 1, 1 Januari 2024 ni 45292, na ile sura ya tarehe unayoiona ni nguo tu imevalishwa. (Kuna kituko humo ndani, Excel inaamini kulikuwa na 29 Februari 1900 wakati mwaka ule haukuwa mrefu, ilifanywa makusudi ili iendane na Lotus 1-2-3, programu ya zamani ya majedwali, lakini kama tarehe zako ni za miaka hii haikuhusu.) Sasa ukiandika =B2-A2 na B2 ni tupu, Excel inasoma sifuri toa tarehe ya kuanza.

Ile ripoti yangu ilikuwa na tiketi 150. Tiketi 149 zilikuwa sawa kabisa, wastani wake siku 6, jumla 894. Moja ilifunguliwa tarehe 9 Januari 2024 na haikuwa imefungwa, kwa hiyo tofauti yake ikawa hasi 45,300. Chukua 894 toa 45,300 gawanya kwa 150, unapata hasi 296.04. Tiketi moja! Mimi nimepoteza saa nzima na heshima kidogo kwa sababu ya seli moja.

Dawa yake:

```
=IF(OR(A2="",B2=""),"",B2-A2)
```

Ile "" inayotoka ni maandishi, na AVERAGE ikipewa eneo la seli inaruka maandishi na seli tupu, haizihesabu juu wala chini. Ila sifuri inaihesabu. Hapo ndo watu wanajichimbia shimo la pili, wanaweka 0 badala ya "" ili kolamu "isikae wazi", au wanafunika kila kitu kwa IFERROR(...,0), inayoweka 0 kila penye kosa, kwa sababu #VALUE! (alama ya kosa ya Excel) inawakera macho. Umeondoa hasi kubwa inayoonekana umeweka sifuri ndogo ndogo zisizoonekana, na sasa wastani wako unashuka kimya kimya. Kwenye SQL ndugu yake ni COALESCE(siku, 0). AVG ya SQL inaruka NULL (sehemu isiyo na thamani) yenyewe, iache iruke, ukiibadilisha kuwa sifuri umeiambia kwamba ile tiketi ilifungwa papo hapo.

Kuna na mtego mwingine wa NULL ambao nauona kwa watu wanaojua kabisa wanachofanya. Mtu anasema mbona rahisi, nachukua wastani wa tarehe za kufunga natoa wastani wa tarehe za kufungua. Kihesabu ni kweli, majibu yanalingana, lakini pale tu ambapo kila mstari una tarehe zote mbili. Chukua tiketi tatu: ya kwanza ilifunguliwa siku ya 1 ikafungwa siku ya 4, ya pili ikafunguliwa siku ya 11 ikafungwa ya 13, ya tatu ikafunguliwa siku ya 21 na bado iko wazi. Wastani wa kufungua ni 11, wastani wa kufunga ni 8.5 kwa sababu ya tatu haimo, tofauti inakuja hasi 2.5. Ukweli ni 3 na 2, wastani 2.5. Toa kwanza ndani ya mstari, wastani baadaye, usigeuze.

Tarehe iliyogeuka mwezi ukawa siku

Hii ni mbaya kuliko seli tupu maana inatoa namba zinazowezekana. Faili limetoka kwenye mfumo unaoandika siku/mwezi/mwaka, limefunguliwa kwenye kompyuta iliyowekwa mwezi/siku/mwaka. Tiketi imefunguliwa 05/04/2024 imefungwa 09/04/2024, siku 4. Kompyuta inasoma 4 Mei mpaka 4 Septemba, inakupa siku 123. Haitoi kosa, haipigi kelele, siku 123 inawezekana kabisa kuna tiketi zinakaa hivo.

Sasa angalia kinachotokea kwa tarehe kama 28/03/2024. Mwezi wa 28 hakuna, kwa hiyo Excel inaiacha kama maandishi. Ukiitoa kwenye tarehe nyingine unapata #VALUE!, wewe unafunika kwa IFERROR na 0, na hapo una kolamu moja yenye aina mbili za uongo: zilizogeuka na sifuri za kufunika aibu. Wastani wa hiyo kolamu hata uombewe.

Kuijua ni rahisi. Panua kolamu, usiipangie mkao wowote: tarehe za kweli zinakaa kulia kama namba, maandishi yanakaa kushoto. Ukiona nusu kulia nusu kushoto ndo yenyewe. Au weka =ISNUMBER(A2) pembeni ushushe mpaka chini. Kisha angalia kitu kimoja zaidi, kati ya zile zilizokubali kuwa tarehe, je kuna yoyote yenye siku zaidi ya 12? Kama data ya mwaka mzima haina hata tarehe 13 moja, zote zimegeuzwa.

Usijaribu kuzirekebisha ndani ya lile faili lililoshaharibika, utarekebisha hata zilizo sawa. Rudi kwenye chanzo, uingize upya kama maandishi alafu uiambie programu mwenyewe mpangilio ni upi. Kwenye pandas (maktaba ya Python ya kuchakata data) kuna dayfirst=True, ila ukiweza andika fomati yote, format="%d/%m/%Y", kwa sababu hapo isipolingana inakataa badala ya kukisia. Na ukiwa na sauti kwa wanaotengeneza ule mfumo waombe watoe 2024-04-05, mwaka mbele, ugomvi uishe.

DATEDIFF haihesabu unachodhani

Hapa ndo nataka ukae kidogo. Kwenye SQL Server, hifadhidata ya Microsoft, DATEDIFF (ile fomula ya tofauti ya tarehe mbili) haipimi muda uliopita, inahesabu umevuka mipaka mingapi. Tiketi imefunguliwa Jumatatu 23:50 ikafungwa Jumanne 00:10, dakika ishirini tu, DATEDIFF(day, ...) inakupa 1 kwa sababu usiku wa manane umepita katikati. Nyingine imefunguliwa Jumanne 00:10 ikafungwa siku hiyo hiyo 23:50, masaa 23 na dakika 40, inakupa 0. Soma tena hapo. Ya dakika ishirini ni siku moja, ya karibu siku nzima ni sifuri. Kwa miezi ndo vichekesho zaidi, 31 Januari mpaka 1 Februari ni mwezi 1, 1 Februari mpaka 29 Februari ni miezi 0. DATEDIFF ya Power BI nayo tabia ni hiyo hiyo ya mipaka, na ya Tableau pia (hizi ni programu za kuchora ripoti).

Mtu anaweza kusema kwenye mistari mingi makosa yanafutana, huyu anazidishiwa huyu anapunguziwa. Ni kweli kama tiketi zako zinafunguliwa saa zote sawasawa mchana na usiku. Lakini kazi nyingi za ofisini haziko hivo, watu wanafungua asubuhi wanafunga jioni, kwa hiyo karibu zote zinapunguziwa upande mmoja. Hizo ndo zile sifuri nyingi ulizoziona kwenye namba tano.

MySQL, hifadhidata nyingine, ina DATEDIFF yake, na imegeuza: ya mwisho inatangulia, DATEDIFF(kufungwa, kufunguliwa), na inatupa saa kabisa inaangalia tarehe peke yake. Ukitoka SQL Server ukaandika kwa mazoea unapata wastani mzuri wenye alama ya hasi. TIMESTAMPDIFF ya MySQL inarudi kwenye mpangilio wa mwanzo-mwisho, ila inahesabu vipande vilivyotimia tu, masaa 47 kwake ni siku 1. Na tafadhali kwenye MySQL usitoe tarehe na alama ya kutoa. Kolamu mbili za DATE ukiandika kufungwa - kufunguliwa kwa 28 Februari na 1 Machi 2024, inazigeuza namba, 20240301 toa 20240228, jibu 73. Ukweli ni siku 2. Mi niliwahi kukuta hii kwenye kweri (amri ya SQL) ya mtu iliyokuwa inafanya kazi muda mrefu tu, na ilikuwa haionekani kwa sababu tiketi zinazoanza na kuisha ndani ya mwezi mmoja zinatoka sahihi, ni zile zinazovuka mwezi tu ndo zinavimba, kwa hiyo kila mtu alikuwa anaamini mwisho wa mwezi ndo kazi zinalala.

PostgreSQL, hifadhidata ya tatu, ina adabu zaidi, ukitoa timestamp (tarehe na saa pamoja) mbili unapata muda kamili na AVG inaukubali. Watu wanaiharibu wenyewe kwa EXTRACT(DAY FROM ...), ambayo inachomoa tarakimu ya siku peke yake, siku 1 na masaa 23 inakuwa 1. Kwenye pandas .dt.days ni ugonjwa huo huo.

Dawa ni moja kila mahali: pima kwa kipimo kidogo, tafuta wastani, gawanya mwishoni kabisa. Siku ina sekunde 86,400 na dakika 1,440.

```
-- SQL Server
AVG(DATEDIFF(minute, kufunguliwa, kufungwa) / 1440.0)

-- PostgreSQL
AVG(EXTRACT(EPOCH FROM (kufungwa - kufunguliwa)) / 86400)

-- MySQL
AVG(TIMESTAMPDIFF(SECOND, kufunguliwa, kufungwa) / 86400)

# pandas
((df.kufungwa - df.kufunguliwa).dt.total_seconds() / 86400).mean()
```

Ile .0 kwenye 1440.0 usiione kama pambo. SQL Server ikipewa namba nzima AVG yake inarudisha namba nzima, na haikadirii, inakata. Siku 1, 2 na 2, jumla 5 gawanya kwa 3, wewe unategemea 1.67, yenyewe inakupa 1. Ripoti ya timu ambayo kila mwezi ina wastani wa 1, 1, 1, 2, 1 bila desimali hata moja, mimi nikiiona sihitaji kuuliza mengi.

Mstari mmoja umehesabiwa mara nane

Hii inaingia pale unapounganisha majedwali. Unataka wastani wa siku za tiketi lakini unahitaji na jina la aliyejibu, kwa hiyo unaunganisha na jedwali la majibu, na tiketi yenye majibu manane inageuka mistari minane. Tiketi zinazochelewa ndo zenye majibu mengi, kwa hiyo wastani unavutwa juu kila mara, haukosei kwa kubahatisha. Tiketi tatu za siku 1, 2 na 9, wastani 4. Ile ya siku 9 ikijirudia mara nane unapata 1 + 2 + 72 gawanya kwa 10, yaani 7.5.

Linganisha COUNT(*) na COUNT(DISTINCT namba_ya_tiketi), zikitofautiana umeshampata mwizi. Usikimbilie AVG(DISTINCT siku) maana hiyo inafuta siku zinazofanana sio tiketi zinazofanana, tiketi hamsini zilizochukua siku 2 zinabaki kama moja. Kokotoa siku kwenye jedwali la tiketi kwanza, mstari mmoja tiketi moja, ndo uunganishe.

Ndugu yake wa karibu ni wastani wa wastani. Timu moja ina tiketi 2 zenye wastani wa siku 10, nyingine ina tiketi 98 zenye wastani wa siku 2. Mtu anachukua 10 na 2 anagawanya kwa mbili anaandika 6. Jumla halisi ni 20 na 196, gawanya kwa 100, ni 2.16. Na hapa ndo kuna ule ugomvi wa kwenye dashibodi, "mbona mstari wa jumla chini haulingani na wastani wa hizi juu?" Mara nyingi mstari wa jumla ndo uko sahihi kwa sababu programu imerudi kwenye tiketi zote, aliyekosea ni yule mwenye kikokotoo mkononi. Usirekebishe kilicho sawa ili kimridhishe mtu.

Kosa ambalo hakuna fomula italionesha

Umeshasafisha yote hayo, kila mstari uko sawa, na bado namba inadanganya. Mwezi wa tatu zilifunguliwa tiketi 10. Unatoa ripoti mapema mwezi wa nne, 6 zimefungwa kila moja kwa siku 2, 4 bado ziko wazi. AVG inaruka zilizo wazi, ripoti inasema siku 2, mnapongezana. Baadaye zile 4 zinakuja kufungwa zikiwa na siku 45 kila moja. Ukitoa ripoti ile ile ya mwezi ule ule unapata 12 na 180 gawanya kwa 10, siku 19.2. Hakuna mtu aliyegusa data ya mwezi wa tatu, ni kwamba mara ya kwanza ulikuwa unapima waliomaliza mbio tu.

Kwa hiyo grafu ya wastani iliyopangwa kwa mwezi wa kufunguliwa kila siku itaonesha miezi ya karibuni ni mizuri. Kila siku! Unaweza kuichora leo na mwakani, mwisho wake utakuwa unashuka tu. Nimeona watu wakieleza huo mshuko kwa mafunzo, kwa mfumo mpya, kwa meneja mpya, kumbe ni tiketi ambazo hazijapata muda wa kuchelewa.

Ukipanga kwa mwezi wa kufungwa unakwepa hilo unaangukia lingine. Mwezi ambao timu imeamua kusafisha viporo vya mwaka mzima, wastani unaruka mpaka siku 90 na inaonekana wamezembea, wakati ndo mwezi waliofanya kazi kuliko yote. Na suluhisho la haraka la kuweka tarehe ya leo kwenye zilizo wazi mi silipendi kama linafanywa kimya kimya, kwa sababu hiyo sio muda wa kufunga, ni umri wa tiketi mpaka sasa, na namba inabadilika kila asubuhi bila mtu kufanya kitu.

Ninachofanya siku hizi ni kuacha kutegemea wastani peke yake. Naweka asilimia ya tiketi zilizofungwa ndani ya siku 7 kati ya ZOTE zilizofunguliwa, na nahesabu zile tu ambazo siku 7 zake zimeshapita, zilizo changa zinasubiri zamu. Pembeni naweka mediani, ile namba ya katikati ukizipanga, kwa sababu ukizipanga na zilizo wazi mwishoni mwa foleni bado katikati panajulikana ilimradi zaidi ya nusu zimefungwa na zilizo wazi zimeshakaa kuzidi hapo. Kwa zile tiketi 10 mediani ilikuwa siku 2 kabla na ikabaki siku 2 baada. Alafu mstari wa tatu, ngapi ziko wazi na ya zamani kuliko zote ina siku ngapi. Anayetaka kwenda mbali zaidi kuna njia ya Kaplan na Meier ya mwaka 1958, ilitengenezwa kwa ajili ya tatizo hili hili la watu ambao mwisho wao haujafika bado, na programu nyingi za takwimu zinayo.

Vidogo vidogo vya haraka

Saa za kanda: mfumo mmoja unahifadhi UTC (saa ya pamoja ya dunia) mwingine saa za hapo ulipo, tofauti zote zinazidi au kupungua kwa masaa yale yale, mfano 3. Ukipima kwa siku huwezi kuona, ukipima kwa masaa inaonekana na utapata tiketi zilizofungwa kabla ya kufunguliwa kwa masaa mawili hivi. Nchi zinazosogeza saa mara mbili kwa mwaka zina siku ya masaa 23 na siku ya masaa 25, hifadhi UTC pande zote ubadilishe wakati wa kuonesha tu.

Siku za kazi: NETWORKDAYS ya Excel inahesabu siku zote mbili za pembeni, iliyofunguliwa na kufungwa siku hiyo hiyo inapata 1, wakati kutoa kawaida kunakupa 0. Ripoti mbili zikitofautiana kwa karibu siku moja kamili angalia hapo kwanza.

Sura ya seli: saa ingine hesabu iko sawa nguo ndo mbaya. Wastani wa siku 5 unaonekana 05/01/1900, badilisha fomati iwe namba. Wastani wa siku moja na nusu kwenye fomati h:mm unaonekana 12:00, siku nzima imemezwa, weka [h]:mm itakuja 36:00. Na ##### kwenye saa mara nyingi ni hasi, sio kolamu nyembamba, ukipanua mpaka mwisho wa skrini haitoki.

Mistari kumi ya mkono

Mwisho wa yote chagua mistari kumi, ihesabu kwa mkono na kalenda, linganisha na kolamu ya mfumo. Usichague kwa bahati nasibu, bahati nasibu itakupa kumi za kawaida. Chagua wakorofi, mfano: moja ya dakika ishirini iliyovuka usiku wa manane, moja iliyoanza na kuisha siku moja, moja iliyovuka mwisho wa mwezi, moja yenye tarehe zote mbili chini ya 13, moja yenye majibu mengi, moja iliyofunguliwa tena baada ya kufungwa (hapa ulizia wenye mfumo wanahesabu kufungwa kupi), ile ndogo kuliko zote, ile kubwa kuliko zote. Zikikubali hizo, nyingine zitakubali.

Mi nimezihifadhi kumi zangu kwenye karatasi ya pembeni ndani ya faili lile lile na majibu yake ya mkono, kila nikibadilisha kweri nazipitisha kwanza kabla sijagusa kitufe cha kutuma. Ya kwanza kwenye orodha ni ile tiketi ya tarehe 9 Januari, na jibu lake la mkono nimeliacha tupu.